Barua ya wazi kwa madaktari vijana wa afya ya jamii hapa Mombasa: makaratasi ya marehemu yameuzwa kwa kilo

Wanangu, salaam aleikum, na wale wa kanisani bwana asifiwe, tusije tukaanza kwa kugombana.

Mimi si daktari. Nilikuwa karani wa rejistri ofisi ya afya ya mkoa, nimeingia 1978 nimetoka 2013, mwaka ule ule mikoa imezikwa na afya ikapewa kaunti, kwa hivo madaktari nimewaona wakija wembamba na wakiondoka na vitambi. Nawaandikia nyinyi mlioajiriwa majuzi kwenye afya ya jamii, na nawaandikia nikiwa na hasira, afadhali niseme mapema.

Kisa chenyewe ni hiki. Kuna daktari wetu amefariki, jina silitaji, watoto wake wako na simu wanazo. Hakuwahi kuwa mkubwa kabisa pale ofisini, alikuwa wa pili au wa tatu siku zote, mtu wa kuvaa raba na kutembea kwa miguu vichochoroni. Siku ya arubaini tumesoma khitma, tumekula pilau, halafu kijana wake mkubwa akanivuta pembeni, ati "mzee, kuna takataka za baba kule stoo, kama kuna unachotaka chukua kabla yule jamaa hajarudi." Jamaa gani? Jamaa wa mkokoteni. Kumbe ashabeba safari mbili na makaratasi yashapimwa mizani. Nikatoka mbio na kanzu yangu, mtu wa miaka sabini na, mpaka kwa mwenye mizani, nikakuta rundo moja limeshanunuliwa na mama wa viazi karai la kufungia viazi. Naangalia karatasi ya juu, naona mwandiko wa daktari. Ule mwandiko wa kuku naujua hata gizani, nimeutaipu miaka chungu nzima. Nikamwomba mama anirudishie, akanambia baba mimi nafanya biashara sigawi. Basi nikanunua viazi vya mia tatu, na sukari yangu hii hainiruhusu kiazi hata kimoja, nikamwambia kila viazi viwili vitatu nifungie karatasi yake. Viazi nimewapa watoto wa barabarani. Karatasi zenye mafuta nimezianika kwenye kamba ya nguo, mke wangu hadi leo haniongeleshi vizuri.

Karatasi zenyewe zilikuwa na nini? Mitungi. Nyumba kwa nyumba, mtaa kwa mtaa, mtungi upi una kifuniko na upi hauna, pipa lipi lina viluwiluwi, mwenye nyumba amesema nini. Ndo kazi alokuwa akiifanya toka 1982, mwaka dengue, homa ya kuletwa na mbu, ilipoonekana Malindi na Kilifi. Wenzake walimcheka, wakimwita daktari wa mapipa. Mbu wa dengue mwajua si yule wa usiku, huyu auma mchana, miguu ina madoadoa meupe, na hataki maji machafu ya mtaroni, ataka maji masafi ya mtungi wako wa ndani. Mayai yake yakikauka pembeni mwa pipa yaweza kukaa miezi, yakipata maji yanaanguliwa kama hapana kilotokea. Na mji huu wetu mfereji ukitoa maji leo hujui kesho, kila nyumba ina mitungi ya lita 20 imepangwa kama askari. Daktari alikuwa akisema shida ya Mombasa si mbu, ni mfereji, na alisema hivo mpaka wakubwa wakachoka naye.

Sasa nyinyi. Wiki tatu kabla ya arubaini nilialikwa mkutano mmoja, nikakaa nyuma kule na soda yangu, akasimama mmoja wenu, kijana msafi, tai, projekta, akasema dengue hapa pwani ni ugonjwa mgeni, umetuingilia 2013. Watu wakapiga makofi. Mimi nikauma ulimi kwa sababu ya umri na kwa sababu ya soda. Mgeni? Mwanangu, jina lenyewe wataalamu wengi wasema limetoka kwenye Kiswahili chetu, kidinga pepo. Palikuwa na daktari Mskoti Unguja, James Christie, wakati wa Sultani, ugonjwa ulipopiga Unguja 1870 wazee wa pale walimwambia huu twaujua, ulikuja tulipokuwa vijana, hesabu yao ikirudi karibu 1823. Na huyu Christie hakuwa na kompyuta. Kipindupindu kilipoingia alikwenda kuuliza wafanyi biashara na watu wa misafara, kimepita njia gani, kimefika lini, akaandika yote, 1876 kikatoka kitabu ambacho mpaka leo watu wakisoma. Mzungu amesikiliza wazee wetu akaandika, sisi wenyewe wazee wetu twawauza kwa kilo.

Na kukosa karatasi kuna gharama, msidhani nalia tu kwa mapenzi. 2013 dengue ilipozagaa hapa mjini watu wangapi wamemeza dawa za malaria wakaambiwa ni malaria sugu? Angekuwepo mtu amefungua faili ya 1982 angalau angejiuliza. Chikungunya nayo, homa nyengine ya mbu huyo huyo, mwaijua yatoka wapi? Iligunduliwa 1952 kule kwa Wamakonde, Tanganyika, na jina ni la Kimakonde, la mtu kujikunja kwa maumivu ya viungo. 2004 ikapiga Lamu wakati wa ukame, watu wamejaza maji ndani hawayabadilishi, wachunguzi wakakadiria robo tatu ya watu wa kisiwa wameambukizwa. Robo tatu! Ikashuka Mombasa mwaka huo huo, ikaenda Ngazija, Réunion, mpaka India. Halafu mwisho wa 2017 ikarudi hapa hapa, na mkutano wa kwanza nilousikia watu wauliza ni kitu gani hiki. Ni mitungi, jamani. Ni ile ile mitungi.

Nyinyi kizazi chenu neno karatasi mwalijua kwa maana moja tu. "Nimeenda kuongeza karatasi," yani digrii. Masta, halafu diploma ya usimamizi, halafu kozi ya siku tano hotelini na cheti cha rangi, mnavipiga picha na kuvitundika. Siwaonei wivu, someni. Lakini daktari wa hospitali akimponya mtu, yule mtu atatembea mjini na kidonda chake kimefunga, kila mtu ataona. Nyinyi wa afya ya jamii mkifanya kazi vizuri hapatokei kitu. Kipindupindu hakikuja. Nani atajua kwamba hakikuja kwa sababu yako? Hapana mtu atakayeonyesha mtoto ambaye hakuharisha. Kilichobaki ni daftari lako tu, umeandika tarehe, umeandika kisima kipi kimetiwa klorini, na likipotea hilo basi kazi yako haikuwa, na mshahara ulikula bure.

Ndui ilikwisha vipi? Daktari alikuwa hachoki kunipigia hadithi hii tukiwa na kahawa na kashata pale nje. Mgonjwa wa mwisho wa kuambukizwa kiasili alikuwa mpishi wa hospitali Merca, Somalia, Ali Maow Maalin, Oktoba 1977. Lakini wale wa Shirika la Afya Duniani hawakutangaza pale pale. Miaka miwili wakatafuta, nyumba kwa nyumba, kila upele ukaandikwa, kila uvumi ukafuatwa, ndo Oktoba 1979 wakatangaza pale Nairobi kwamba Pembe ya Afrika ni safi. Mbele ya tume wamepeleka makaratasi, hawakupeleka mdomo.

Najua wajanja mtauliza, karatasi za serikali zafanya nini nyumbani kwa mtu? Swali zuri na linanichoma kwa sababu nimesaidia kubeba. Sheria ipo, Sura ya 19 ya sheria za Kenya, karatasi za umma huruhusiwi kuziharibu bila idhini ya wenye nyaraka za taifa. Lakini kuna ofisi moja, siitaji, wakati wa kuhamahama walitaka stoo iwe chumba cha mikutano, faili zikatolewa varandani, mvua ya Mei ikanyesha siku mbili, ya tatu zikachomwa. Nilikuwepo. Daktari alisimama akiangalia moshi hakusema kitu. Baada ya hapo akawa abeba nakala kwake kidogo kidogo kwenye kikapu cha sokoni, na mimi nilimshikia mlango. Kosa lilikuwa kosa. Ila nchi gani hii ambayo karatasi ya serikali iko salama zaidi chini ya kitanda cha mtu?

Na hapo sijagusa watafiti wa kuja. Waja na gari, wapewa mabwana afya wawili wa kuwaonyesha njia, wachukua damu na madaftari, mwaka wa pili ripoti yatoka kwenye jarida la ng'ambo ambalo kulisoma walipia dola, na jina la daktari wetu liko mwisho kabisa kwenye shukrani, limekosewa herufi. Serikali yaona ni sawa. Sisi pia twaona ni sawa maana tumepewa kofia na tisheti.

Haya, wosia uliobaki nauweka mkavu mkavu, nimechoka:

Andika tarehe kamili, pamoja na mwaka.
Mtaa uuite jina wenyeji wanaloliita.
Ulikokosea uandike pia, hasa ulikokosea.
Majina ya wagonjwa yasikae kwenye daftari lako, tumia namba.
Laptopu si kabati. Transfa ikija waondoka nayo, au yaibiwa matatuni.
Ukikabidhi ofisi, kabidhi kwa sahihi, si kwa WhatsApp.
Mwambie mkeo au mumeo na watoto kilicho kwenye boksi ni nini, ukiwa hai.

Hilo la mwisho ndo lililomshinda daktari. Watoto wake si wabaya, wallahi, yule kijana alipoziona zile karatasi kwenye kamba yangu alilia. Hakuna alowaambia. Baba yao kwao alikuwa mtu wa kurudi usiku na matope kwenye suruali.

Basi n'na maboksi mawili na gunia moja hapa kwangu Majengo. Mchwa wameshaanza kwenye gunia. Mwandiko ni mgumu, nitakaa na mtu nimsomee, macho yangu bado yapo kiasi. Yule kijana wa projekta nataka aje wa kwanza, sitamgombeza. Njooni baada ya alasiri, mchana nalala, na mje na mifuko ya plastiki migumu na kamba, viazi msiniletee.