Majibu ya utafiti wa vinasaba yarudi shambani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie utafiti wa vinasaba, ambao taifa linautegemea katika kilimo, tiba na hata michezo.

Mimi ni mkulima wa muhogo Muheza. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia, unaoletwa na virusi, una hila, kwani shamba huonekana la kijani, majani ya chini tu yakiwa na umanjano kando ya mishipa, nawe ukaamini una chakula cha mwaka mzima, hadi utakapong'oa muhogo na kuukata, ukakuta ndani madoa makavu ya kahawia yasiyoiva hata ukiyachemsha kutwa.

Aliyeueleza ugonjwa huu kitaalamu mwaka 1936 ni mtafiti H. H. Storey wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani, hapa hapa milimani kwetu. Amani ndiko muhogo ulikochanganywa na mti wa mpira wa jamii yake, na katika uzao huo ikatoka Namikonga, mbegu inayoustahimili ugonjwa huu na ambayo vinasaba vyake vinachunguzwa hadi sasa.

Misimu kadhaa iliyopita walinijia vijana wa utafiti, wakachuma majani matatu, wakayatia katika bahasha yenye namba, wakaniaga kwa heshima. Hawakurudi. Msimu uliofuata nilikata pingili kwenye mashina yale yale, nikapanda, nikampa na jirani yangu. Mihogo yake ikaoza kama yangu, jambo linaloniuma hadi leo.

Kurudisha majibu kunawezekana. Mwaka 2018 watafiti wa Afrika Mashariki na wenzao wa nje walisoma vinasaba vya virusi vya muhogo kule kule shambani, kwa mashine ndogo inayoshikika mkononi. Katika michezo sina haraka ya majibu, maana hakuna jeni moja iliyothibitika kueleza mbio za Wakenya na Waethiopia. Damu ya watu ndiyo jambo zito: watoto wa Korogwe na Bagamoyo walishiriki majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S, iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021, na wazazi wao wanastahili majibu; mzazi wa mtoto mwenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, naye anastahili kuelezwa kwa Kiswahili damu iliyotolewa imeonyesha nini.

Naomba wanaoidhinisha miradi hii wadai kila bajeti iwe na fungu la kurudisha majibu, na kwa wakulima yapitie kwa afisa ugani kabla ya msimu wa kupanda. Namba ya bahasha yangu niliinakili kwenye daftari la shamba, na bado ninayo.

Mkulima wa muhogo,
Muheza, Tanga.