Mama, kabla hujaenda fildi

Mwanangu,

Nimeisoma ile kodi ya programu (code) uliyoandika kwa lugha ya C ukanitumia saa saba usiku, na ile voisi yako ya "baba mbona kwangu inakubali" imeninyima usingizi kuliko hata ungeniambia imegoma. Jumatatu unaripoti fildi, kule hamna wenzako wa hosteli wa kukutolea makosa, ndo maana naandika maana kwenye simu utaitikia "sawa baba" halafu basi.

Angalia pale unapofuta listi ya wanafunzi, ile ambayo kila mwanafunzi amebeba anwani ya anayefuata (next), na p ndo imeshika anwani ya unayemfuta. Umeandika `free(p);` halafu mstari wa chini yake `p = p->next;`. Mama, chumba umesharudisha kwa mwenye nyumba halafu unaingia tena kuangalia jirani anakaa namba ngapi! Free haifagii kitu, inasema tu hiyo sehemu ya memori iko wazi apewe mwingine. Ni kama yule mpangaji wetu wa uani, alihama mwezi wa nne akaondoka na funguo, na funguo bado inafungua. Akija leo akikuta hamna mtu atalala mpaka asubuhi, ila nikishampangisha mwingine ndo mtaa mzima utasikia kelele. Kwako imekubali kwa sababu chumba hakijapata mtu. Shika kwanza anwani ya anayefuata, `temp = p->next`, ndo uachie p, halafu `p = temp`.

Na zile nyota (*) za pointa. Pengine moja, pengine mbili, kuna sehemu umechomeka & (ile ya kutoa anwani) haihusiki kabisa, yaani unajaza mpaka kompaila, ile inayogeuza kodi kuwa programu, inyamaze. Usifanye hivyo mwanangu, nakuomba. Chukua karatasi, chora boksi la x, ndani weka 7, juu yake andika anwani, tuseme 1000. Chora boksi la pili la p, ndani andika 1000. Pointa ndo hiyo tu, boksi lililobeba anwani ya boksi lingine. Ukisema `*p = 9` unaenda mpaka 1000 unabadilisha kilichomo, x inakuwa 9 na jina lake hujalitaja. Kile kibao cha namba ya nyumba walichotubandikia 2022, ukiandika ile namba kwenye karatasi kumi una karatasi kumi, nyumba ni ile ile moja.

Hilo la karatasi kumi nalijua. Kipindi kile natengeneza programu ya ankara na nyumbani narudi mmeshalala, nilikuwa nasoma jina la mteja kwenye boksi moja, halafu kila mteja namwekea anwani ya boksi hilo hilo badala ya kumnakilia jina lake. Zikatoka ankara zote zina jina la mteja wa mwisho. Nilivyojaribu na mteja mmoja ilikubali vizuri tu. Yule dada wa kuingiza data akaandikiwa barua ya onyo kikaoni, nami nilikuwa nimekaa kwenye kikao hicho. Kosa nililiona baada ya wiki mbili, yeye keshaacha kazi.

Ulipokuwa form three uliniuliza kwa nini scanf inataka & na printf haitaki, nikakwambia utafundishwa chuo. Jibu lilikuwa la dakika moja. Scanf inakuletea mzigo, lazima uielekeze pa kuushusha, printf ikipewa namba inaisoma tu. Hukuniuliza tena kitu cha kompyuta mpaka juzi hiyo saa saba usiku, na nilifurahi hata kabla sijaifungua, mama yako shahidi.

Leo hii ikompaili upya hivi, gcc ndo kompaila yenyewe na hayo mengine yanaiambia ichunge memori: `gcc -g -fsanitize=address`, halafu iendeshe. Itakutajia mpaka mstari uliogusa kitu ulichokwisha kukiachia. Usiniambie inakubali, nitumie picha ya ile karatasi ya maboksi, ya listi yenye wanafunzi watatu, na mishale yake.

Mama yako anasema begi kubwa zipu imekufa, chukua la kaka yako. Luku ya huko ulizia unalipa mwenyewe au iko kwenye kodi ya chumba. Na fundi anakuja kesho kubadilisha kitasa cha uani, mpangaji mpya anaingia tarehe moja.

Baba yako