Kate Bush hakuziharibu nyimbo zake, alizirudia

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nijibu makala iliyochapishwa hivi karibuni katika gazeti hili, ambayo mwandishi wake alidai kwamba mwanamuziki anayerudi studio kurekebisha albamu zake za zamani huwa ameishiwa, na kwamba mfano mbaya kuliko yote ni Director's Cut, albamu ambayo mwimbaji wa Uingereza Kate Bush aliitoa Mei 2011. Mwandishi alimalizia kwa ule msemo wetu kwamba vya kale ni dhahabu. Sina ugomvi na msemo huo, ila namkumbusha kwamba dhahabu ndiyo hasa mali ambayo sonara huiyeyusha na kuifua upya, na mwenye bangili akikabidhiwa mkufu halalamiki kwamba ameibiwa.

Kwanza tuweke sawa kilichofanyika, kwa sababu makala ile ilizungumza kana kwamba mwimbaji huyu alizikusanya tu nyimbo zake zilizopendwa na kuzibandika jalada jipya. Albamu ile ina nyimbo 11, nne kutoka The Sensual World ya mwaka 1989 na saba kutoka The Red Shoes ya mwaka 1993. Katika nyingi kati ya hizo aliacha ala zilizopigwa zamani zibaki mahali pake, akaitoa sauti yake mwenyewe pamoja na ngoma, kisha akaimba upya na kumkabidhi Mmarekani Steve Gadd kazi ya kupiga ngoma. Nyimbo tatu, yaani This Woman's Work, Moments of Pleasure na Rubberband Girl, alizirekodi upya tangu mwanzo. Zaidi ya hayo, The Red Shoes ilikuwa imerekodiwa kwa mitambo ya kidijitali ya wakati ule, na yeye hakuwahi kuupenda ukali wa sauti ya mitambo hiyo, hivyo aliipitisha kazi yote kwenye kanda za sumaku za mtindo wa zamani ili ipate joto. Mtu aliyeishiwa hajitwishi kazi ya namna hiyo. Angeweza kutoa mkusanyiko wa nyimbo bora, tukanunua, yakaisha.

Wala haikuwa mara yake ya kwanza. Wengi tunamfahamu kwa Wuthering Heights ya mwaka 1978, wimbo aliouandika kabla ya kutimiza miaka 20 na uliomfanya kuwa mwanamke wa kwanza kushika namba moja Uingereza kwa wimbo alioutunga mwenyewe. Mwaka 1986, alipotoa mkusanyiko ulioitwa The Whole Story, aliuimba tena wimbo huo juu ya ala zilezile za zamani. Sauti ya 1978 ni ya binti anayepiga kelele dirishani usiku, nyembamba na ya juu mno kiasi kwamba wapo walioicheka. Ile ya 1986 ni ya mwanamke mzima anayejua kwa nini amerudi kwenye dirisha hilo. Sikumbuki mtu yeyote akilalamika wakati ule. Lawama zilikuja 2011, na nadhani zilikuja kwa sababu msikilizaji alikuwa amezeeka pamoja na mwimbaji, na hakuna anayependa kukumbushwa.

Hapa naomba niseme jambo linalonihusu mimi. Nimeimba kwaya tangu ujana, na kwa miaka mingi nilikuwa sauti ya kwanza. Siku moja mwalimu wa kwaya, bila kunitazama usoni, aliniomba nihamie sauti ya pili. Nilijiona nimeshushwa cheo, na kwa majuma kadhaa niliimba kwa kinyongo. Ilinichukua miezi kugundua kwamba nyimbo nilizoziimba maisha yangu yote zilikuwa na chumba kingine chini ya kile nilichokizoea, na kwamba kutoka kule chini nilikuwa ninasikia maneno ambayo zamani niliyapita mbio nikikimbilia ile noti ya juu ambayo waumini wote waliisubiri. Kwa hiyo niliposoma katika makala ile kwamba Kate Bush "amezishusha nyimbo kwa sababu hazifikii tena", nilitabasamu. Ni kweli amezishusha. Alikuwa na miaka 52, na sauti ya miaka 52 ina uzito wake, ina pumzi inayosikika na mikwaruzo midogo ambayo hakuna studio inayoweza kuitengeneza. Swali la kujiuliza ni alichokikuta huko chini.

Tuchukue This Woman's Work, kwa kuwa ndio wimbo ambao mwandishi wenu aliutaja kwa uchungu zaidi. Uliandikwa kwa ajili ya filamu ya Kimarekani iliyotoka mwaka 1988, kwa ajili ya tukio ambalo mume anasubiri hospitalini huku mkewe akiwa hatarini katika kujifungua, na maneno yake ni mawazo ya huyo mume anayejutia yote ambayo alipaswa kuyasema na hakuyasema. Katika rekodi ya kwanza kuna piano, kuna nyuzi za okestra zinazoingia taratibu, na sauti inayoruka juu ghafla kama mtu aliyeshtuliwa usingizini. Ni rekodi nzuri mno na sitarajii atakayeipita. Hata hivyo, alipoiimba hakuwa amefikisha miaka 30 wala hakuwa mzazi. Katika rekodi ya 2011, ambayo ni ndefu karibu mara mbili, piano imeondoka na mahali pake pamekaa kinanda cha umeme chenye mlio kama wa kengele ndogo za mbali, na kati ya sentensi moja na nyingine anaacha ukimya mrefu kiasi kwamba mara ya kwanza nilidhani spika yangu imekatika. Nimezisikiliza rekodi hizo mbili moja baada ya nyingine usiku mmoja, taa zikiwa zimezimwa. Ya kwanza inatia hofu ya kitakachotokea. Ya pili ni kama ya mtu aliyekwishakutoka katika kile chumba cha kusubiri, miaka imepita, naye bado anakisikia kila anapofumba macho. Aliyeimba ya pili alikuwa mama wa kijana aliyezaliwa 1998.

Moments of Pleasure nayo imebadilishwa kwa namna ambayo makala haikuigusa. Wimbo huo ni wa kuwakumbuka watu walioondoka, na mwaka 1993 ulibebwa na okestra kubwa iliyopangwa na Michael Kamen, pamoja na kiitikio kilichosema wazi kwamba kuwa hai kunaweza kuuma sana. Mwaka 2011 okestra haipo. Amebaki yeye na piano, na pale palipokuwa na kiitikio, maneno yote yameondolewa na waimbaji wanavumisha tu, midomo ikiwa imefungwa. Anayesema kwamba huku ni kupunguza wimbo, nadhani hajawahi kukaa msibani hadi saa ambayo maneno ya pole huwa yamekwisha. Katika And So Is Love alibadilisha neno moja tu: mwaka 1993 aliimba kwamba sasa tunaona maisha ni ya huzuni, na mwaka 2011 aliimba kwamba ni matamu. Neno moja, na maana ya wimbo mzima imegeuka. Kijana angeandika kinyume chake, yaani angeanza na utamu na kumalizia na huzuni. Huyu alianzia kwenye huzuni.

Upo pia wimbo ambao kwake kurudi studio kulikuwa kumalizia kazi aliyozuiwa. Alipoandaa The Sensual World, katika wimbo uliobeba jina hilo la albamu alitaka kuimba maneno ya mhusika Molly Bloom kutoka kurasa za mwisho za Ulysses, riwaya ya James Joyce iliyochapishwa mwaka 1922. Wasimamizi wa mirathi ya mwandishi huyo walikataa, naye akalazimika kutunga maneno yake mwenyewe. Miaka zaidi ya 20 baadaye aliomba tena, akakubaliwa, na wimbo ukarudi kwa jina jipya la Flower of the Mountain ukiwa na maneno aliyoyataka tangu mwanzo. Nakiri kwamba nayapenda zaidi yale ya 1989, ambayo mwanamke anatoka nje ya ukurasa wa kitabu na kuingia duniani, na naona ile "hapana" ya kwanza ilimlazimisha kutunga kitu ambacho ruhusa isingekizaa. Lakini nisingethubutu kumwambia mtu aliyengojea miaka yote hiyo kwamba asiijaribu ndoto yake kwa kuwa mimi nimekwishaizoea mbadala wake.

Sisemi kwamba kila alichokigusa kilinufaika. Deeper Understanding, wimbo wa 1989 unaomzungumzia mtu mpweke anayeigeukia kompyuta yake ili imliwaze, ulikuwa utabiri ambao sisi sote tumeishi kuuona, na katika rekodi ya kwanza sauti za Trio Bulgarka, wanawake watatu kutoka Bulgaria, ziliifanya ile mashine iwe na upole wa kutisha. Mwaka 2011 kompyuta imepewa sauti ya mwanawe iliyopitishwa kwenye programu ya kupindapinda sauti, nayo inasikika hasa kama kompyuta, jambo ambalo linaharibu kila kitu, kwa maana mtego wa wimbo ulikuwa kwamba mashine ile ilifariji kuliko binadamu. Rubberband Girl mpya nayo siipendi, na sina la ziada la kusema juu yake.

Mwandishi wenu aliwachanganya Kate Bush na Taylor Swift katika kapu moja, na hapo alikosea zaidi. Safari ya Swift ilianzia kwenye umiliki. Juni 2019 kampuni iliyomiliki rekodi za albamu zake sita za kwanza iliuzwa, na rekodi hizo zikaenda na mnunuzi. Kisheria, kuumiliki wimbo kama utungo ni haki moja na kuimiliki rekodi ya wimbo huo ni haki nyingine. Yeye alikuwa na ya kwanza, hivyo ulipopita muda ambao mkataba wake ulimkataza kuzirekodi upya, aliziimba tena albamu nne kati ya hizo, kuanzia 2021 hadi 2023, ili msikilizaji awe na rekodi ambayo mapato yake yanamfikia yeye. Kwa lengo hilo ilimbidi afanane na alivyokuwa, hadi kwenye mivuto ya pumzi. Mei 2025 alitangaza kwamba amezinunua rekodi zake za asili, na katika tangazo hilo alieleza kwamba albamu ya Reputation ya mwaka 2017 ilimshinda kuirudia, kwani hakuwa amefikisha hata robo yake. Sishangai. Hasira ya mwaka fulani haiigiziki. Kate Bush hakujaribu kabisa kufanana na alivyokuwa, na kumpima kwa kipimo cha Swift ni kumlaumu mshonaji wa gauni jipya kwamba gauni lake halina viraka.

Kama ni lazima apewe mwenzake, basi awe Joni Mitchell wa Kanada, ambaye aliirekodi Both Sides, Now mwaka 1969 akiwa na miaka 25 na gitaa lake, kisha akairudia mwaka 2000 pamoja na okestra, kwa sauti nzito iliyokwaruzwa na sigara. Wimbo huo ni wa mtu anayesema ameyaona mawingu, mapenzi na maisha kutoka pande zote mbili. Mwaka 1969 tulimwamini kwa sababu alikuwa na kipaji.

Lipo jambo moja ambalo mwandishi wenu angelisema tungekuwa pamoja, lakini hakuligusa. Siku hizi muziki haukai kabatini kwetu. Unakaa kwenye huduma za mtandao, na msanii au kampuni inaweza kuubadilisha usiku, asubuhi ukaamka wimbo ulioujua haupo. Kanye West aliendelea kuibadilisha albamu yake ya 2016 hata baada ya kuitoa. Hilo ndilo ninaloliogopa, kwa sababu anayerekebisha kwa kufuta huwa anajirekebishia kumbukumbu zangu mimi bila kuniuliza. Kate Bush hakufanya hivyo. Toleo maalumu la Director's Cut liliuzwa katika kasha moja pamoja na The Sensual World na The Red Shoes, ili mnunuzi apate ya zamani na mpya kwa mkono mmoja na aamue mwenyewe. Mimi niliamua wimbo kwa wimbo, kama nilivyoeleza hapo juu, na hesabu yangu haikutoka sawa kwa upande wowote.

Namwomba basi mwandishi wenu aisikilize Moments of Pleasure ya 2011 mara moja tu, usiku, bila kuitanguliza ile ya 1993. Baada ya hapo, akiona inafaa kurudi kwenye makala yake na kuirekebisha, mimi sitasema kwamba ameishiwa.

Wako,
Msomaji wa siku nyingi, sauti ya pili