Kifundo kilichoteguka kisichuliwe

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie kuteguka kwa vifundo vya miguu miongoni mwa wanafunzi wanaojiandaa na UMISSETA, michezo ya shule za sekondari Tanzania, hapa Tabora. Mchezaji akiteguka huchuliwa kwa maji ya moto, kesho yake yuko uwanjani. Jambo hili linanisikitisha sana. Kifundo kikiteguka, mara nyingi kano za upande wa nje, yaani nyuzi zinazounganisha mifupa, huwa zimevutika au kuchanika. Joto na kuchua siku za mwanzo huzidisha uvimbe, na kifundo kilichowahi kuteguka huteguka tena kwa urahisi.

Walimu wa michezo wamfunge aliyeteguka bandeji, wamwekee barafu, apumzike. Asiyeweza kutembea hata hatua nne apelekwe hospitali akapigwe eksirei. Akipata nafuu, afanye mazoezi ya kusimama kwa mguu mmoja kila siku. Hayagharimu hata shilingi. Maofisa michezo wa halmashauri wayafanye ya lazima kwa timu zote za shule.

Mdau wa michezo,
Tabora