Mwacheni ashone: barua ya wazi kwa vijana na wazazi wa shirika letu

Kadutu, Bukavu, Agosti 2024

Vijana wangu, wazazi wenzangu, na wewe mwenyekiti wa shirika ambaye tangu juzi ukiniona sokoni unageuza njia,

Nawasalimu. Wengi wenu niliwashonea nguo za komunyo ya kwanza, wengine za arusi, kwa hiyo siombi ruhusa ya kusema. Nina hasira. Leo nimeshona kola sita nikazifumua zote sita, mkono hautulii. Afadhali niandike.

Jioni ya tarehe 2 Agosti mlikusanyika kuwasha mishumaa. Siku hiyo imewekwa na sheria iwe ya kuwakumbuka waliouawa nchini mwetu. Wanaiita Genocost, na ni tarehe ileile vita vya 1998 vilipoanza. Vizuri. Hata mimi nilichanga pesa ya mishumaa. Lakini katikati ya nyimbo mmoja wenu akamvuta binti yetu yatima kwa mkono, akamtia maikrofoni kiganjani, akatangaza: "Dada atatutolea ushuhuda." Hakuna aliyemuuliza kabla. Mimi nilikuwa nyuma kabisa, na magoti haya yalichelewa kuninyanyua. Alipofika pale pa kitenge cha mama yake sauti ikamkatika, na kijana mmoja, ambaye mama yake ninamheshimu, akasogeza simu karibu zaidi na uso wake. Karibu zaidi! Sijafika hata nyumbani, video imeshanifikia kutoka Uvira, kwa mtu ambaye tunajuana kwa deni la vitambaa tu. Chini yake watu wameweka mioyo na mikono ya kuomba.

Tangu usiku ule binti hakusema neno kwa siku kumi na moja. Alikuwa anakuja kwangu asubuhi, anakaa kwenye kigoda karibu na mlango, anatazama barabara, jioni anaondoka.

Nitaandika hapa yaliyompata, kwa ufupi, ili asije mtu mwingine akamuuliza. Nimemwomba ruhusa. Amekubali haya ninayoyaandika, na yaliyobaki ni yake.

Mwaka 2021 baba, mama na wadogo zake wawili walitoka hapa Kadutu kwenda milimani, kwenye kilio cha babu. Yeye alibaki kwa sababu ya mtihani wa Dola, ule wa kumaliza sekondari. Walipanda gari hadi barabara ilipoishia, wakaendelea kwa mguu. Kwa babu hawakufika. Simu ya baba iliita siku moja, kesho yake haikuita. Wajomba walitafuta wiki mbili. Walienda kwa chifu, kwa askari, kwa watu wa Msalaba Mwekundu ambao kazi yao mojawapo ni kuwatafutia watu jamaa waliopotezana, na majina manne yakaandikwa. Kisha kimya cha miezi minane.

Mwezi uliofuata wachunga ng'ombe wakaona vitu bondeni. Chifu akatuma habari: mwenye ndugu aliyepotea njia hiyo aje atambue nguo. Nguo, si watu. Walinichukua mimi kwa sababu kitenge cha yule mama nilikishona mwenyewe. Nilikijua kabla hawajakinyoosha. Siku nilipokishona uzi mweupe uliniishia jioni, nikamalizia pindo la shingo kwa uzi wa kijani, nikamwambia, "Mama, hakuna atakayeuona." Akacheka. Nami ndiye niliyekuja kuuona.

Walikuwa watatu pale. Kijana mdogo wa mwisho, wa miaka sita wakati ule, hakuwemo. Wala kiatu chake. Wala kaptula yake, na hiyo pia ni kazi ya mkono wangu, ningeijua.

Sasa nyinyi mnafikiri msiba wake ni mmoja. Ni miwili, na haifanani. Wale watatu tuliwazika. Kulikuwa na kilio, watu walilala mkekani, wanawake walipika bugali na sombe, alinyolewa nywele, siku ya kumaliza kilio ikafika. Huo msiba una mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. Wa mdogo wake hauna mlango wowote. Akilia, anajiona anamzika aliye hai. Akicheka, anajiona amemsahau aliye mahali fulani anamsubiri. Mtu akibisha usiku anaruka. Waswahili wamesema adhabu ya kaburi aijua maiti. Hii ya kukosa kaburi sijui tuseme anaijua nani, kwa sababu wengi wenu humu shirikani mnaijua na bado mnafanya mnayoyafanya.

Mimi naijua. Mume wangu aliondoka kwenda upande wa Mwenga kununua maharagwe, Agosti 1998, Agosti ileile ya mauaji ya kijiji cha Kasika. Wembe wake nilikuwa naupaka mafuta usipate kutu, mwaka wa kwanza, wa pili, wa tano. Shemeji zangu walitaka nivae nyeusi, padri mmoja akataka nisome misa ya marehemu, mama mmoja wa jirani akaniambia nimefanya jambo baya nimemkataa mume wangu maana nimeanza kucheka sokoni. Kila mtu alikuwa na kalenda yake juu ya uchungu wangu. Aliyenisaidia ni mwanamke mmoja muuza sambaza. Kila Ijumaa alikuja akakaa, akaniwekea samaki wake wa mwisho kwenye sahani, akaniambia bei ya mafuta imepanda tena, akaenda. Miaka miwili! Hakuniuliza hata siku moja. Siku niliyotaka kusema nikamsemea yeye, usiku kucha, na asubuhi akasema, "Basi leo sokoni siendi." Mpaka leo sijui alijuaje kwamba asingepaswa kuniambia jambo lingine lolote.

Kwa hiyo msiniambie kwamba kusema kunaponya. Kusema kunaponya anapochagua mwenye kidonda: siku yake, sikio lake, kiasi chake. Mwanasaikolojia aliyekuwa akimwona binti alichukua miezi mingi kufika hapo ambapo nyinyi mlitaka kufika kwa wimbo mmoja na nusu. Kuna siku walikaa wakachora tu. Kuna siku walizungumzia mvua. Mtu aliyeona nguo za mama yake zimefukuliwa, ukimsimulisha kwa nguvu, harudii habari, anarudi mahali penyewe. Anasikia harufu ileile, mwili unatetemeka uleule. Ndiyo maana alikaa siku kumi na moja mlangoni. Alikuwa bondeni. Na nyinyi ndio mliompeleka.

Halafu kuna hii ya kusema, "Tulitaka dunia ijue." Dunia! Dunia inajua. Oktoba 2010 Umoja wa Mataifa ulitoa ripoti ya matukio 617 ya mauaji na maovu mengine yaliyotokea nchini mwetu kati ya Machi 1993 na Juni 2003. 617, kwa tarehe na kwa vijiji. Makobola imo, Kasika imo. Inakaribia miaka 14 tangu itoke, na mahakama maalumu iliyopendekezwa mle hatujaiona. Daktari Mukwege, wa hapa hapa kwetu, wa hospitali ya Panzi, alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018, akasimama mbele ya wafalme akaitaja ripoti hiyo kwamba inaoza kwenye droo huko New York. Walimpigia makofi wakarudi makwao. Sasa nyinyi mnadhani dunia inasubiri chozi la mtoto wa Kadutu kwenye simu yako? Ukitaka dunia ijue, chukua ile ripoti uisome, mtafute mbunge wako umuulize maswali, beba bango. Uso wa yatima uache.

Wakubwa nao nawaona. Sheria ya Desemba 2022 inasema waathirika walindwe na walipwe fidia, na mfuko umeundwa, unaitwa Fonarev. Sisemi ni vibaya. Nasema tu kwamba binti huyu hata hati za kifo za wazazi wake zimemtoa jasho, achilia mbali ya mdogo wake ambaye kwa ofisi si hai wala si marehemu. Kiwanja cha baba yake wajomba wameanza kukipima kwa macho. Wajomba walewale waliotafuta wiki mbili. Hapo ndipo ningependa vijana wangu wenye shahada za sheria, mnaokaa pale Nyawera mkibishana mpira, mtoe ushuhuda wenu: mwandikieni barua, msindikizeni ofisini, kaeni naye kwenye foleni. Kijana mmoja tu wa hivyo angenitoa machozi kuliko mishumaa mia.

Yaliyobaki nitayataja tu, nimechoka na taa inafifia.

Nabii aliyemwambia binti kwamba mdogo wake yuko machimboni na kwamba anahitaji dola hamsini na mbuzi ili "kumfungulia njia": binti alikopa akalipa. Walioshuhudia wakanyamaza, mnajijua.

Msimwambie asamehe. Amsamehe nani? Hakuna jina, hakuna uso, hakuna aliyekuja kuomba. Siku akitaka kusamehe, hilo ni kati yake na Mungu wake.

Msimwambie "wewe una nguvu." Anachoka kuwa na nguvu.

Akienda kwa mwanasaikolojia Panzi au kwa Mabruda kule Sosame, hospitali ya magonjwa ya akili, msiseme ameenda kwa wendawazimu. Mkivunjika mguu mnaenda wapi?

Mchukueni kwenye likirimba, ule mchango wetu wa zamu, kama wengine. Mlimruka zamu mara mbili mkisema mnamhurumia. Alitaka zamu, hakutaka huruma.

Video ifutwe. Siyo "tutajitahidi". Kila aliyeituma amwandikie aliyemtumia, mmoja mmoja, hata huyo wa Uvira. Kijana wa simu nakusubiri kwangu Jumamosi, usije na mama yako, njoo peke yako. Sitakupiga. Nina nguo nyingi za kufumua, utakaa nami tufumue, labda utajifunza namna ya kutoa uzi bila kuchana kitambaa.

Nisiwafanye mkose usingizi pia. Wengi wenu mna mioyo mizuri, nawajua tangu mnyonyeshwe. Wale mliochota maji na kumletea bila kupiga hodi mara tatu kama polisi, niliwaona. Mama wa nyumba ya bati la bluu ambaye kila Jumapili anamwita amsaidie kuchambua mchele, kumbe mchele wenyewe hauna mawe, nimekuona nawe. Asante.

Siku ya kumi na mbili binti alinyanyuka kwenye kigoda. Hakusalimia. Alifungua kabati langu akatoa kitambaa cheupe, mita moja na robo, na mabaki ya bluu. Akatoka nje, akamwita mtoto wa jirani anayecheza mpira wa makaratasi, yule wa miaka tisa, akamsimamisha ukutani akampima mabega, kifua, urefu wa mkono. Mtoto alidhani anashonewa yeye, akakaa wima kama askari. Binti akarudi akakata, akaketi kwenye mashini.

Ni shati la shule. Mwaka jana wakati kama huu alishona jingine, dogo kuliko hili, na mwaka juzi jingine dogo zaidi. Yote yamekunjwa kwenye sanduku kitandani kwake. Shule zinafunguliwa Septemba. Kola ya mwaka huu imemsumbua kidogo, nimemwonyesha jinsi ya kuigeuza pembe. Mkija kuleta nguo zenu na mkalikuta limetundikwa dirishani, msiulize ni la nani.