Mhariri, na sisi tunaolala kwenye boti tupikie nini?

Mhariri, mbukwenyi. Mimi ni msomaji wenu wa hapa Dodoma, siku nikiwa na hela nalinunua gazeti, siku sina nasoma vichwa vya habari kwa muuzaji halafu nasepa, nisameheni kwa hilo. Ila habari za nishati safi ya kupikia sijawahi kuziruka hata moja. Tangu Rais Samia azindue ule mkakati Mei 2024, kwamba ikifika 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi, mmeandika habari za mama lishe, za mashule, za magereza, sawa kabisa, lakini sijaona hata mstari mmoja wa mtu anayepika na kulala juu ya maji.

Najua ukimwambia mtu unaishi Dodoma na una boti anakuangalia mara mbili. Jamani Mtera iko wapi? Si hapo hapo ukishika barabara ya Iringa, bwawa la umeme, maji ya Ruaha Mkuu na Kizigo yanakutana pale, na ng'ambo moja ni kwetu ng'ambo nyingine Iringa. Mimi na shemeji yangu tuna boti ya mbao ya mita 7 na nusu, ina kabini ndogo ya kulala watu wawili wasiogombana, tunazunguka madago, yani kambi za wavuvi, kununua perege na siku nyingine tunatembea tu, shem anaita utalii wa ndani. Usiku mmoja, mbili, tatu tunalala humo humo. Sasa Juni na Julai kipupwe kikianza, huku kwetu usiku unaweza kushuka mpaka nyuzi 13 hivi, na ukiwa juu ya maji na upepo unapiga hiyo 13 inakuingia mpaka kwenye meno.

Na hapo ndipo tulipofanya ujinga. Mwaka juzi Julai tumepika samaki kwenye jiko la mkaa nje, tumekula, baridi imekaza, shem akasema mkaa bado umekolea tunautupaje, tuuingize ndani utupashe joto. Tukauingiza, tukafunga kifuniko cha kabini na tukaziba na tundu lililokuwa linaleta upepo, kwa turubai, tena nililiziba mimi mwenyewe kwa mikono yangu. Joto likaja zuri sana, tukalala kama watoto. Kilichotuokoa ni mkojo, yani hakuna kingine. Nimeamka sijui saa ngapi nataka kutoka, kichwa kinagonga, miguu haitaki, nikadhani malaria, nikajikokota nikasukuma kifuniko kwa kichwa, upepo ulipoingia ndio nasikia shem anatapika nyuma yangu. Tumekaa nje mpaka asubuhi tunatetemeka na hakuna aliyelalamika baridi.

Mkaa ukishakolea hautoi moshi, ndio maana mtu anajidanganya hauna kitu. Kumbe hapo ndio unatoa ile hewa ya kaboni monoksaidi, haina rangi haina harufu, na damu inaishika zaidi ya mara 200 kuliko inavyoshika oksijeni, kwa hiyo unavuta pumzi vizuri tu na huku unakosa hewa. Chumba cha uswahilini angalau kina upenyo juu ya ukuta, bati limeachia, mlango haufungi vizuri. Boti imepigwa kalafati kila mahali isiingize maji, na mahali pasipoingia maji hata hewa haipiti. Hili nilipaswa kulijua kabla, maana zamani nilipiga kazi Tanga miaka miwili kwenye boti ya matanga ya mzungu mmoja mzee, kazi yangu kupika na kufua maji ya ngama, yani yale yanayojikusanya chini kabisa ya boti, na yule mzee kwenye mambo ya moto alikuwa mkali kuliko mama mkwe.

Baada ya ule usiku tukasema basi, gesi. Tukaleta fundi mmoja wa mjini, akatuwekea mtungi wa kilo 15 chini ya kitanda, hosi imepita ukutani mpaka kwenye jiko la plati mbili, kazi safi, picha tulirusha kwenye grupu. Nikalala usiku wa kwanza naisikia sauti ya yule mzee wa Tanga. Yeye mitungi yake ilikaa nje kabisa, nyuma ya boti, ndani ya boksi lililozibwa upande wa ndani na lina tundu chini linalotoka nje juu ya maji. Nilimuuliza kwa nini, akasema gesi inavuja kama maji. Ni kweli hiyo, gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, propani iliyomo mara moja na nusu, butani kama mara mbili. Nyumbani ikivuja inatambaa sakafuni inatokea chini ya mlango. Kwenye boti itatokea wapi? Inashuka kwenye ngama inatulia humo kama uji kwenye bakuli, na ile harufu waliyoiweka ili utambue, wewe pua yako iko juu gesi iko chini ya mbao. Ikifika kama asilimia 2 tu ya hewa ya humo inatosha kuwaka, halafu asubuhi mtu anawasha pampu ya kutoa maji, cheche moja. Simlaumu sana fundi, yeye kafunga kama anavyofunga nyumbani kwa watu, ila hilo ndilo ninalolisema, hakuna aliyemwambia boti sio nyumba.

Tumeuhamisha. Sasa tuna mtungi mdogo wa kilo 6, uko nyuma, kwenye sanduku la bati lenye matundu chini yanayomwaga nje, na tukimaliza kupika tunafunga valvu pale pale kwenye mtungi, sio kwenye jiko tu. Kila tukibadilisha mtungi tunapaka povu la sabuni kwenye regulata na hosi tuone kama kuna mapovu. Kuna jamaa pale dago anapima kwa kiberiti, nimeshamwambia mara tatu, mimi nimechoka.

Mafuta ya taa nayo tuliyafikiria. Jiko la mchina la tambi kwenye boti hapana, likiinama kidogo linamwaga na moshi wake unafanya hata chai inukie taa. La pampu ndio lenyewe, lile aina ya Primus ambalo Mswidi Lindqvist alilitoa 1892, na wazungu wengi wa matanga walikaa nalo miaka na miaka kwa sababu mafuta yakivuja yanabaki mafuta, unayaona, unayafuta. Aliyewahi kuwasha karabai hahitaji kufundishwa, unalipasha kwanza na spiriti mpaka lipate moto ndio unapampu, ukiwa na haraka linakutolea mwali wa kukuunguza nyusi. Shida ni bei tu, tangu 2011 serikali ilipopandisha kodi ya mafuta ya taa ili watu waache kuchakachua dizeli, mafuta ya taa sio tena ya mnyonge.

La spiriti lina sifa yake, kuna lile la Origo ambalo halina presha, spiriti inanyonywa ndani ya kopo na moto wake unauzima kwa maji. Lakini mwali wake mchana hauonekani, mtu anaweza kudhani limezima akaongeza spiriti hapo ndio balaa, na joto lake dogo, kilo kwa kilo spiriti inatoa kama theluthi mbili ya joto la mafuta ya taa. Chai sawa. Ugali wa watu wawili utasubiri.

Na nikiwa kwenye ugali hapo hapo. Majiko ya boti za wazungu yananing'inia, boti ikilala upande jiko linabaki wima, akili nzuri sana kwa mtu anayechemsha supu. Hebu songa ugali kwenye jiko linalobembea! Unasukuma mwiko jiko linakimbia, unavuta linakufuata, kule Tanga nilikuwa nalifunga kamba ndio nasonga, mzee akija namwambia nimelipumzisha. Kwa sisi jiko likae palepale, liwe chini, na liwe na vyuma vya kubana sufuria pande zote, basi. Umeme nao shem aliuleta, jiko la umeme la wati 1000 na betri ya sola. Nikampigia hesabu, betri ya ampea 100 ya volti 12 ina kama wati 1200 za saa moja, na ile ya gari ukiikausha zaidi ya nusu unaiua, kwa hiyo ugali wa nusu saa umekula karibu yote ya hiyo nusu, taa tutawasha na nini.

Sasa joto. Watu wengi wanafikiri jiko la gesi likiwaka ndani ya kabini limemaliza kazi mbili. Mhariri, gesi ikiungua inatoa maji, kilo moja ya gesi inatoa zaidi ya lita moja na nusu ya maji kama mvuke, yani ule mtungi wetu wa kilo 6 ukiisha umemwaga zaidi ya lita 9 hewani. Hayo maji yanaenda kwenye godoro. Unapata joto saa moja halafu unalala kwenye blanketi bichi, na hapo sijasema ile hewa yenyewe ya kaboni. Hita ya kweli ya boti ni ile inayovuta hewa yake ya kuungua kutoka nje na kutoa moshi wake nje kwa bomba, wewe ndani unapata joto peke yake. Zipo za dizeli, ndogo, madereva wa malori wanazijua, inakunywa lita moja au mbili usiku mzima. Shem anaitaka hiyo. Simpingi kwamba ni nzuri, nampinga kwamba inataka betri yenye nguvu kuiwasha, bomba lake linachemka kiasi cha kuunguza mbao, na sisi baridi yetu ni ya miezi miwili. Hita ya mzee wa Tanga kwa joto la pale ilishageuka kabati la vitunguu.

Kwa hiyo tunapika nje nyuma, tumeweka turubai la kukinga upepo upande mmoja tu, tukimaliza tunachemsha maji tunatia kwenye chupa, tunavisha soksi, kila mtu na ya kwake miguuni. Kifuniko tunaacha wazi kama vidole vinne, hata upepo ulie vipi.

Ombi langu ni moja. Hao wanaogawa mitungi vijijini wafike na madago ya Mtera, tunawakaribisha, ila mtungi wa mvuvi uje na sanduku lake lenye matundu chini, na atakayeugawa amwambie mvuvi kwa kinywa chake kwamba haukai ndani. Muandike hii kabla ya Juni tafadhali. Na kama kuna msomaji anamjua fundi wa hapa Dodoma anayechomelea bati lisiloshika kutu kwa bei ya kibinadamu, atoe namba yake ukurasa huu huu, maana sanduku letu limeshaanza kuoza kwenye kona na shem hela yote anaitunzia hita.

Msomaji wenu,
Dodoma