Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri: huo uzoefu wa miaka 3 tuutoe wapi?

Mheshimiwa Waziri, shikamoo. Najua una majukumu mengi na sina nia ya kukukosea adabu, ila tangazo lenu la juzi la maafisa TEHAMA limenishinda kunyamaza. Nafasi ni ya kuanzia, mmeandika wenyewe, halafu chini yake: shahada, uzoefu usiopungua miaka 3, ukiwa na CCNA (cheti cha mitandao ya kompyuta cha kampuni ya Cisco) ni sifa ya ziada. Sasa anayeanza huo uzoefu anautoa wapi, tumboni mwa mama?

Na ni wewe uliyetuambia kwenye mahafali kwamba uchumi wa kidijitali unatusubiri. Ahsante, mbona tukija mnatufungia.

Labda hujui tulivyosoma. Tumefundishwa Visual Basic 6, lugha ya kuandikia programu ya 1998 ambayo Microsoft wenyewe waliacha kuisapoti 2008, na mtihani tunaandika kodi za programu kwa kalamu kwenye karatasi, ukisahau End If ya kufunga sharti maksi zimeenda. Git (ya kutunza matoleo ya kodi) na Linux (mfumo endeshi) nimejifunza mwenyewe usiku. Hiyo CCNA nayo inaisha muda baada ya miaka 3 usipoihuisha, yaani hata tukijibana tukailipia inaweza kufa tukiwa bado tunatafuta uzoefu wenu.

Nilijitolea kwenye ofisi moja ya umma, siitaji jina. Nimevuta nyaya, nimefomati kompyuta, nimeokoa mafaili ya mhasibu yaliyofutika siku ya mishahara, nauli natoa kwa mama. Kuomba barua naambiwa kujitolea hakuhesabiki kama uzoefu!! Kwani yale mafaili yalirudi yenyewe?

Mi nahisi anayeandika haya matangazo anakopi la meneja anabadilisha cheo tu. Au ndo akili bandia, tangu ChatGPT itoke mwisho wa 2022 mabosi wanaona vikazi vya kuanzia havihitaji mtu, sijui.

Mheshimiwa siombi ajira ya kupewa, siombi laptop, na semina ya kujiajiri tafadhali msituletee tena. Futeni tu hiyo miaka 3 kwenye nafasi za kuanzia. Mtuwekee seva iliyogoma tuirekebishe mkituangalia, atakayeshindwa aende nyumbani. Ila ifuteni sasa, maombi yanafungwa ijumaa na mfumo wenu ukijaza 0 kwenye uzoefu unakataa kwenda mbele, hata hilo mkiniruhusu naweza kuwarekebishia.

Wako mtiifu (bado),
Mhitimu wa TEHAMA